Faili Lenye Jina Lako

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwako dada yangu Nthambi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kaloleni, na baada ya salamu nauliza hali yako, hali ya shemeji Maingi na ya watoto. Natumaini ndengu zilitoka vizuri na kwamba mvua ya Wamunyu haikuwaacha mkitazama mawingu. Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Nyumba bado inavuja palepale juu ya kitanda cha Mwaitu, Mungu amlaze mama yetu pema, na kila mwezi tunaambiwa fundi yuko njiani. Truphena wa nyumba ya pili anakusalimu sana. Huniuliza utarudi lini, nami humwambia utarudi, ingawa sijui.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua? Juma hili nimekupigia simu mara nne na mara zote nikakata kabla hujashika, kwa hiyo usifikiri salio liliisha. Ujasiri ndio ulioisha. Nina maneno ambayo nikiyaanza kwa mdomo nitazungukazunguka, na wewe unanijua nikianza kuzunguka, tutaishia kuongea habari za harusi ya watu. Nakuomba uisome ukiwa umeketi, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika. Utakasirika.

Kazi ipo, ingawa si nyingi. Cherehani bado ziko mbili palepale kibandani karibu na soko la Burma, na moshi wa nyama choma bado unanukisha nguo za watu, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama nashona au nachoma. Januari sare za shule zilinisaidia. Tangu hapo ni kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Nakula, nashukuru.

Mwezi wa pili nilianguka hapo kibandani. Usishtuke, nimepona, na sababu ya kuanguka nitaifikia. Nilikuwa nakata kitambaa, macho yakaingia giza, nikaja kujikuta kwenye benchi la Wamalwa. Humfahamu vizuri, ni yule bwana mnene wa kuchoma nyama mkabala nami, mwenye kofia ya kijani. Alinimiminia supu, akaniuliza anipeleke hospitali gani na kama nina bima. Nikamwambia sina. Akacheka kwa huzuni, akasema hata yeye hana, na kwamba sisi wa kujiajiri ni mabosi wa bure, maana bosi wetu hatukatii hata bima.

Maneno yale yaliniingia, nikaanza kutafuta. Dada, nimezunguka. Nilianza na bima ya serikali, nikajisajili, na wakataka kunipima uwezo kwa maswali. Kuta za nyumba ni za nini? Paa je? Napika kwa nini? Nina ng'ombe wangapi? Ng'ombe, hapa Kaloleni! Nilijibu ukweli kwamba kuta ni za mawe na paa ni la vigae, kwa sababu mkoloni alijenga hivyo, si kwa sababu Kamene ni tajiri. Hesabu ilipotoka ilitakiwa ya mwaka mzima kwa mara moja, na pesa yangu mimi huja zipu kwa zipu. Nikasema nitarudi nikikusanya.

Nikaenda mjini kwenye kampuni za watu binafsi. Ya kwanza waliniuliza mwajiri wangu ni nani, nikasema ni mimi, wakaniomba barua ya mwajiri, nikatamani kujiandikia. Ya pili walinipa bei, nikauliza kama hiyo ni ya kijiji kizima. Ya tatu walikuwa na bei ya afadhali, lakini fomu ilikuwa na ukurasa wa maradhi. Umewahi kulazwa? Lini? Kwa ugonjwa gani? Niliushika ule ukurasa muda mrefu, kisha nikairudisha fomu na kumwambia msichana nimesahau miwani. Sivai miwani.

Wamalwa ndiye aliyepata njia. Aliniambia kuna wakala anaitwa Clare anayezunguka sokoni akiandikisha vikundi, kwamba mkiwa watu kumi bei inashuka, na mnalipa kidogo kidogo kila mwezi kama chama. Tukajikusanya: Wamalwa na mkewe, mama wawili wa supu, fundi viatu, wauza mboga wanne, na mimi. Clare akaja Jumatano moja, akaketi juu ya kreti ya soda, akatueleza polepole mpaka kila mtu akaelewa. Kitu kimoja alikirudia mara tatu. Alisema kwenye kikundi hata mgonjwa anachukuliwa, mradi aseme ukweli na alete barua ya hospitali kuonyesha ugonjwa wake ulijulikana lini.

"Ugonjwa haumfukuzi mtu hapa," alisema. "Uongo ndio humfukuza, na humtoa pamoja na wenzake."

Wamalwa akadakia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, akatangaza mbele ya wote kwamba yeye ana presha, tena dawa yake anaimeza kila asubuhi pamoja na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama. Watu wakacheka. Mmoja akasema mgongo, mwingine pumu. Zamu yangu ilipofika nikasema, Nthambi, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba nina ugonjwa wa sukari.

Ndiyo. Nina sukari. Ninayo tangu mwaka wa 2016, na hujawahi kuniona nikimeza dawa kwa sababu nazimeza kibandani. Ulipokuwa unaniuliza mbona nimeacha sukari kwenye chai, nilikuambia nafunga kwa maombi. Mtu gani hufunga miaka tisa?

Clare akaniambia basi ni rahisi, niende hospitali iliyonigundua nichukue barua. Kila mtu aliona rahisi. Nilirudi kibandani, nikakanyaga cherehani bila kuweka uzi mpaka jioni.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa karani, kazi ikakupeleka semina Mombasa juma zima? Kadi yako ya hospitali, ile uliyopewa na kazi, uliiacha kwenye droo ya kabati hapa nyumbani. Siku ya tatu nilizirai nikiwa nafua. Mwaitu akamwita Truphena, wakanimwagia maji, sikuamka vizuri. Sikuwa na bima, wala akiba, wala kitu. Mwaitu akafungua droo. Nilimwona, nilikuwa na akili za kutosha kuona, nikamwambia hiyo ni ya Nthambi. Alinijibu hivi:

"Mmenyonya ziwa moja. Cha mmoja ni cha mwenziwe."

Na wewe unajua jinsi tunavyofanana. Hata padri alikuwa akinisalimu kwa jina lako. Kwenye mapokezi walitazama picha, wakanitazama, wakaniandika. Nililazwa siku nne kwa jina lako. Wauguzi waliniita Nthambi nami nikaitika. Daktari akaniambia, Nthambi, una sukari, nikasema asante daktari. Uliporudi Mwaitu alikuambia nilikuwa na malaria, ukaninunulia machungwa. Uliyanunua kwa kilo, ukayamenya mwenyewe, nami nikayala hivyohivyo na sukari yangu kwa sababu sikujua nitakataaje.

Usimlaumu Mwaitu. Yeye aliona mtoto anakufa na kadi iko ndani ya nyumba. Kwa malezi yake hukopi kwa ndugu, unachukua, na kesho yeye anachukua kwako. Nguo tulibadilishana, viatu tulibadilishana, kitanda tulilala mzungu wa nne. Hakujua kuwa hospitali haisahau. Mimi pia sikujua, siku ile. Dhambi ya siku ile nimeshaiungama kwa Mungu na nadhani ameisikia.

Ninayokuungamia wewe ni nyingine.

Mwaka jana, kibanzi cha mpingo kilipoingia jichoni mwa Maingi akichonga, nilikuwa wa kwanza kufika kwenu, mtaani Mowlem. Mlikuwa na ile bima ya familia mliyojikatia wenyewe baada ya kazi yako kuisha, mliyoilipa hata miezi ambayo vinyago havikutoka. Daktari akasema jicho linataka upasuaji ndani ya siku chache. Mkapeleka karatasi. Kampuni ikachunguza, ikajibu kwamba wewe, mwenye bima, ulijaza fomu kwa uongo. Walisema uliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa sukari mwaka 2016, katika hospitali fulani, ukaficha, kwa hiyo bima imefutwa yote, yako na ya mumeo na ya watoto.

Ulinipigia simu unalia. Ulisema, Kamene, wananisingizia ugonjwa, mimi sijawahi kulazwa hata siku moja isipokuwa kuzaa. Uliponitajia jina la hospitali, nilijua. Sikuhitaji kufikiri, sikuhitaji kukumbuka. Nilijua hapohapo simu ikiwa sikioni.

Na nilinyamaza.

Si kwamba nilikosa nafasi. Nilikuja kwenu, nikaketi kwenye kochi lenu, nikamimina chai, na Maingi na bendeji yake akakuuliza mbele yangu, polepole kama kawaida yake, hana kelele yule: "Kama ulinificha hili, umenificha nini kingine?" Ukaniangalia mimi. Uliniangalia mimi, Nthambi, kama mtu anayemwangalia shahidi wake. Nikasema hospitali kubwa huchanganya majina. Ulipima damu, ikatoka safi, ukamwonyesha. Watu wakamwambia dawa huficha sukari isionekane. Baadaye uliniambia ulimkuta akipekua mkoba wako akitafuta vidonge, na mlikuwa mmeoana miaka saba bila yeye kuufungua hata siku moja. Nilikufariji. Nilisema wanaume wakiumwa hubadilika.

Kuna baya kuliko hayo. Wewe ulitaka kwenda hospitali ukaone hilo faili kwa macho yako. Ulikuwa umevaa viatu, mkoba begani. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nilikuambia utapoteza siku, kwamba watakuzungusha, kwamba jicho ndilo la kwanza na tufanye harambee. Ulinisikiliza kwa sababu hujawahi kuwa na sababu ya kutonisikiliza. Ukavua viatu.

Harambee nikaiongoza mimi, hapa kwenye ukumbi wa Kaloleni. Nilipiga simu, nilipika, niliimba. Watu walisema Kamene ana moyo. Ilituchukua majuma saba, na siku tulipofika daktari alisema hakuna tena cha kupasua. Maingi hakulia. Aliuliza tu kama lile lililobaki litatosha kuchongea. Sijui kama ungekwenda siku ile wangerudisha bima kwa wakati. Labda wangechelewa hata hivyo. Nimejaribu kujiambia hivyo na sijaweza kujiamini.

Mkafunga nyumba mkarudi Wamunyu. Ulisema ni kwa sababu kodi imewashinda. Lakini mlipokuwa mnapakia, niliona Maingi anapakia vyombo vyake na wewe unapakia vyako, kila mtu sanduku lake.

Nikueleze sasa yaliyotokea baada ya maneno ya Clare. Nilikaa majuma mawili bila kwenda hospitali. Wenzangu tisa walikuwa wameshaleta karatasi zao, na kikundi kilikuwa kinanisubiri mimi. Jumatatu iliyopita nikaenda. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda kwa ajili yako. Nilikwenda kwa ajili yangu, kwa sababu naogopa kuanguka tena na safari hii nisiamke.

Mama wa kumbukumbu, mtu mzima mwenye upole, alitafuta jina langu hakulipata. Akaniuliza kama nilitumia jina jingine. Nikasema ajaribu Nthambi, na jina la ukoo. Faili likaja, bado ni lilelile la karatasi, kona zimekunjika. Alilifungua, akasoma, akanitazama, akatabasamu. Akasema, ala, ni wewe Nthambi, hata alama imeandikwa hapa, kovu la pasi mkono wa kushoto. Nami nilikuwa nimekunja mikono ya sweta, kovu liko nje. Muuguzi wa mwaka ule aliliandika, na mimi sikuwa najua. Miaka yote hii, Nthambi, ukweli ulikuwa umeandikwa kwenye mstari wa tatu. Ungelifungua faili lile siku uliyovaa viatu, ungenijua mara moja.

Alikuwa ameshachukua kalamu aniandikie barua. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Barua ingekuja na jina lako, ningemwambia Clare lolote, na mimi ni mzoefu wa kunyamaza. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni kwa sababu aliniita kwa jina lako kwa upendo.

"Mama," nilimwambia, "mimi si Nthambi. Nthambi ni dada yangu, na hana ugonjwa wowote."

Aliweka kalamu chini. Aliita mkubwa wake, mkubwa akaita mwingine, nikaketishwa chumba cha ndani, nikaeleza kuanzia droo. Niliandika maelezo kurasa mbili nikatia sahihi. Wamechukua nambari ya kitambulisho changu, wakasema kujifanya mtu mwingine ni kosa na nisubiri kuitwa. Nasubiri. Nimemwambia Truphena mahali ninapoweka funguo.

Jioni ileile niliwaeleza Clare na kikundi, wote, hapo Burma, mbele ya moto wa Wamalwa. Clare alisema jina langu haliwezi kuingia mpaka mambo ya hospitali yaishe, na kikundi hakiwezi kungoja. Wameshamweka mtu mwingine. Sikuwalaumu. Wamalwa bado huniletea supu mchana, lakini anaiweka na kuondoka, hakai tena kupiga porojo. Kwa hiyo bado sina bima, na pengine ndivyo inavyostahili.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya hospitali, yenye muhuri, inayosema kuwa mgonjwa aliyelazwa mwaka 2016 kwa jina lako hakuwa wewe. Ya pili ni nakala ya maelezo yangu. Nakala nyingine nilizipeleka mwenyewe kwa ile kampuni ya bima, wakanipigia muhuri wa kupokea, wakasema watalipitia upya shauri lenu. Hawakuahidi kitu, nami sikuahidi kwa niaba yao. Jicho hakuna atakayelirudisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua, ni rahisi mno. Ukitaka kunifokea nipo, simu nitaishika. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nitajua nimestahili. Ninachokuomba ni kimoja, nacho si cha kunisaidia mimi. Usimsomee Maingi barua hii wewe mwenyewe. Atafikiri umeruka mahali. Mpe mkononi, aisome mwenyewe na hilo jicho lililobaki, achukue muda anaoutaka. Akifika hapa ajue kwamba aliishi na mwanamke ambaye hakumficha kitu, na kwamba aliyekaa pale akimimina chai ndiye aliyekuwa akificha.

Wasalimie watoto, uwaambie mama mdogo anawapenda. Msalimie mama mkwe na majirani wote wa huko. Barua hii anakuletea Sally wa kwaya, anayerudi Ijumaa kufundisha shuleni kwake huko Wamunyu. Hajui kilichomo, hivyo usimwonyeshe uso wako hadi aondoke.

Wako aliyekukosea,
Kamene